Asili ya Lori Lenye Kichwa cha Tai



Mtu akisimama jioni pale Barabara ya Mandela inapokutana na Barabara ya Nyerere, karibu na kituo cha TAZARA, hatangoja sana kabla hajapitwa na lori kubwa lenye kontena mgongoni, limetoka bandarini Kurasini na safari yake ni ya bara. Akilitazama usoni huenda akaona alama ya duara, na ndani ya duara kichwa cha ndege mkali mwenye taji. Watoto wa Temeke huijua alama hiyo kabla hawajajua kusoma, na jina la lori hulitamka kama jina la jirani: Scania. Lakini ukiwauliza jina hilo lina maana gani, kila mmoja ana lake. Huyu husema ni jina la Mzungu aliyeunda lori la kwanza. Yule husema ni neno la kigeni lenye maana ya nguvu.

Swali hilo tuliulizwa darasani na mwanafunzi mmoja wa ualimu, kijana wa Tandika, siku tulipokuwa tukiwafundisha yeye na wenzake namna ya kusimulia historia ya kitu wanachokiona kila siku. Twakiri kwamba tulimjibu vibaya. Tulisema, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba Scania ni jina la mwenye kiwanda. Jioni tukashikwa na haya, tukaanza kutafuta. Na hayo tuliyoyapata ndiyo tunayoyaleta mbele yenu.

Scania ni jina la Kilatini la jimbo liitwalo Skåne, lililo katika ncha ya kusini ya nchi ya Uswidi, huko Ulaya ya kaskazini. Na ndege yule si ndege hasa. Ni mnyama wa hadithi, mwenye kichwa na mabawa ya tai na kiwiliwili cha simba, ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona. Kichwa chake chenye taji ndicho nembo ya jimbo la Skåne tangu zamani. Ama lile duara linalomzunguka, lina habari yake yenyewe, nasi tutaifikia tutakapozungumza juu ya baiskeli.

Lakini kabla ya kwenda Uswidi yafaa tukumbuke jinsi mzigo ulivyosafiri hapa kwetu. Zamani za misafara, mpagazi aliyeshuka Bagamoyo kutoka Tabora alikuwa na ratili 60 au 70 begani mwake, nao mwendo ulikuwa wa miezi. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika katika nchi hii, mambo hayakubadilika upesi kama watu wengine wadhanivyo. Motokaa zilikuwako, lakini zilikuwa chache, na masika yalipoanza zilizama matopeni mpaka magurudumu yasionekane. Hapo mzigo ukarudi vichwani mwa watu. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa kambi mahali tunapopajua sote. Nalo jina la kikosi, Carrier Corps, ndimi zetu zikaligeuza likawa Kariakoo. Wapagazi waliokufa katika vita ile ni makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Basi mtu anayekwenda Kariakoo kununua kanga au sufuria ataja, pasipo kujua, jina la watu waliofanya kazi ya lori.

Twaweza kufanya hesabu ndogo, kama ile tunayowapa watoto ubaoni. Lori lenye tela, la namna ile ipitayo Barabara ya Mandela, hubeba tani 30 hivi. Ukizigawanya kwa mizigo ya ratili 60, utapata kwamba lori moja limechukua kazi ya wapagazi zaidi ya 1,000. Mbele ya hesabu hiyo, mtu hana budi kutaka kujua lori limezaliwaje.

Mwaka 1891 kiwanda kimoja cha chuma cha Uswidi, kiitwacho Surahammars Bruk, kilianzisha kampuni ndogo katika mji wa Södertälje, si mbali na Stockholm, kwa ajili ya kuunda mabehewa ya gari la moshi. Jina lake lilikuwa refu mno, Vagnfabriks-Aktiebolaget i Södertelge, yaani Kampuni ya Kiwanda cha Mabehewa cha Södertelge. Watu wakalikata wakasema Vabis. Angalieni neno hili, maana tutalirudia: kampuni ile ilianza na mabehewa. Haikuwa na injini hata moja. Kazi yake ilikuwa kuunda kitu chenye magurudumu, chenye chasisi imara, cha kuvutwa na kitu kingine. Mafundi wake walikuwa maseremala, wahunzi na wapaka rangi. Baada ya miaka kadhaa ndipo mhandisi mmoja, Gustaf Erikson, alipotumwa atazame kama motokaa, kitu kipya kilichokuwa kikisikika Ujerumani na Ufaransa, yaweza kuundwa Uswidi. Motokaa yake ya kwanza ikatoka mwaka 1897. Haikuwa motokaa njema, na yeye mwenyewe hakuacha kuibadilisha. Mwaka 1902 Vabis wakawa na lori.

Wakati huo huo, kusini kabisa, katika mji wa Malmö ulio ndani ya jimbo la Skåne, palikuwa na karakana nyingine. Hii ilianza mwaka 1896 kama tawi la kampuni ya Kiingereza ya Humber, na kazi yake ilikuwa baiskeli. Mwaka 1900 ikaundwa kampuni mpya juu ya msingi huo, ikapewa jina la jimbo: Scania. Basi lile duara tulilosema, lililoshikwa na mikono mitatu kutoka katikati, asili yake ni gurudumu la meno la baiskeli, lile linalozungushwa na pedali na kuvuta mnyororo. Wakamtia katikati yake yule mnyama wa hadithi, ikawa alama. Tangu tulipoyajua hayo hatuwezi kuliona lori la tani 30 likiruka tuta pale Mtoni bila kukumbuka kwamba usoni mwake limebeba kipande cha baiskeli. Nao Scania, kama Vabis, wakawa na lori lao mwaka ule ule wa 1902.

Kampuni mbili ndogo katika nchi yenye watu wachache haziwezi kugombea wanunuzi wale wale kwa muda mrefu. Mwaka 1911 zikaungana, na jina likawa Scania-Vabis. Injini na motokaa ndogo ziliundwa Södertälje, malori yakaundwa Malmö. Vita vya mwaka 1914 vilipokuja, Uswidi haikuingia, na kiwanda kikapata kazi nyingi na faida kubwa. Ndipo wakafanya kosa ambalo wafanyaji biashara wa kila nchi hulifanya: walidhani neema ya vita itadumu wakati wa amani. Vita vilipokwisha, majeshi ya Ulaya yakauza malori yao yaliyotumika kwa bei ya chini, na soko likajaa. Nani atanunua lori jipya kwa bei kamili, wakati jirani yake amenunua la jeshi kwa sehemu ndogo ya bei hiyo? Mwaka 1921 kampuni ya Scania-Vabis ikafilisika.

Tunakaa kidogo juu ya mwaka huo, kwa sababu katika vitabu vya sifa za kampuni hupitwa upesi, nasi twaona ndio mwaka wenye mafunzo kuliko yote. Lori lililotumika, linalouzwa rahisi, liliuangusha mji wa Södertälje miaka mingi kabla halijafika Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba benki moja ya Stockholm, iliyokuwa ya ukoo wa Wallenberg, ilikubali kuweka fedha ili kampuni ianzishwe upya, kwa sababu walizoona kuwa za maana: karakana ilikuwako, mashine za kukereza zilikuwako, na mafundi walikuwa hawajatawanyika bado. Mnunuzi mmoja mkubwa naye alikuwako, nayo ni serikali. Posta ya Uswidi ilitaka magari ya kupeleka barua na abiria katika sehemu za kaskazini, ambako theluji huifunika njia kwa miezi. Mwaka 1923 kampuni ikaunda basi la posta ambalo wakati wa baridi magurudumu yake ya mbele hufungiwa mbao za kuteleza juu ya theluji, na nyuma lina minyororo mipana kama ya trekta la kutambaa. Aliyepata kusafiri kusini mwa Rufiji katika masika ya zamani, kabla lami haijafika, ataelewa mara moja. Theluji yao ni matope yetu. Lori lililolelewa katika njia mbaya halishangazwi na njia mbaya ya mahali pengine.

Mambo mengine twayapita upesi. Mwaka 1929 waliacha kuunda motokaa ndogo, wakashika malori na mabasi tu. Mwaka 1936 walipata injini yao wenyewe ya dizeli. Katika vita vya pili vya dunia, petroli ilipokatika, magari mengi ya Uswidi yaliendeshwa kwa gesi itokayo katika kuni na makaa, tanuri limefungwa ubavuni au nyuma ya gari. Makaa ya miti, kama haya tunayopikia Manzese na Mbagala. Mwaka 1968 jina la Vabis likaachwa, na mwaka 1969 kampuni ikaungana na Saab, waundaji wa ndege, ikaitwa Saab-Scania. Mwaka huo huo ilitoa injini ya silinda nane yenye nguvu za farasi 350, ambayo wakati ule haikuwa na mshindani miongoni mwa malori ya Ulaya. Na hapa tuseme jambo dogo lililotufurahisha: Waswidi walikuwa wakiendesha upande wa kushoto wa njia, kama sisi, mpaka tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima ilipohamia kulia kwa siku moja.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, nchi isiyo na pwani, ikajikuta njia yake ya bahari imo mikononi mwa watu isioweza kuwategemea. Mafuta ya Zambia ikabidi yapite Dar es Salaam. Reli ya TAZARA ilikuwa bado ndoto. Ujenzi wake ulianza mwaka 1970, nayo ikakabidhiwa mwaka 1976. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikwisha mwaka 1968. Kabla ya hayo yote palikuwa na lori tu, na njia ya vumbi na matope kupita Morogoro, Iringa, Mbeya, mpaka Tunduma. Serikali mbili zikaanzisha mwaka 1966 kampuni ya uchukuzi pamoja na Waitalia, na malori yake yalikuwa ya Fiat. Mapipa ya mafuta yakapanda, shaba ikashuka. Wengi walikufa katika njia ile, hasa katika miteremko ya milima wakati wa mvua. Lakini hapo ndipo watu wa Temeke na Kurasini walipoupata ujuzi wa lori zito, madereva, matingo na mafundi. Na hapo ndipo serikali ilipoona kwamba nchi yenye bandari kama hii itakuwa na haja ya malori daima, na si vema kila lori linunuliwe ng'ambo likiwa zima.

Katika miaka ya 1970, baada ya Azimio la Arusha, Tanzania ilikuwa ikijenga viwanda vingi chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Uswidi ilikuwa rafiki wa karibu. Kazi yake ilionekana pale Kibaha, kando ya njia ya Morogoro, ambako nchi za kaskazini mwa Ulaya zilishirikiana nasi tangu mwanzo wa miaka ya 1960 kujenga Kituo cha Elimu, shule na hospitali pamoja. Kibaha hiyo hiyo ndipo kilipojengwa kiwanda cha kuunganisha malori na mabasi ya Scania, kikaitwa TAMCO. Lori lilikuja kutoka Uswidi vipande vipande ndani ya makasha makubwa: chasisi, injini, giaboksi, ekseli, kabini. Vijana wetu wakaviunga vikawa lori, likatoka mlangoni likinguruma.

Hiyo ilikuwa kazi ya heshima, wala hatupendi wale wanaoidharau kwa kusema kwamba ilikuwa kufunga nati tu. Aliyefunga nati 1,000 mahali pake ajua lori kuliko aliyelitazama. Lakini ukweli una pande zake. Kila kasha lililofunguliwa Kibaha lilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikaja mwaka 1978. Fedha za kigeni zikaadimika kabisa, na kiwanda kisicho na makasha ni jengo tu. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, likaja jambo lile lile lililoiangusha Södertälje mwaka 1921: malori yaliyotumika Ulaya, yakiuzwa kwa bei ambayo lori jipya haliwezi kuifikia. Kibaha hapakuwa na benki ya ukoo wa Wallenberg. Kazi ya kuunganisha Scania ikakoma.

Wengine watasema kwamba ndivyo ilivyo kwa nchi changa, wala haikuwezekana vingine. Tutazame mfano wa Brazil. Scania-Vabis walianzisha kampuni huko mwaka 1957, na mwaka 1962 wakafungua kiwanda kikubwa karibu na São Paulo. Serikali ya Brazil ilidai kwamba sehemu kubwa ya kila gari iundwe ndani ya nchi, na injini zikaanza kuundwa huko huko. Kiwanda hicho kimedumu. Lakini ni haki pia kusema kwamba Brazil ilikuwa na watu milioni 70 mwaka 1960, na viwanda vya chuma vyenye tanuri zinazowaka, ambapo sensa yetu ya mwaka 1978 ilihesabu watu milioni 17 na nusu. Kudai ni jambo moja. Kuwa na mahali pa kusubu chuma ni jingine.

Palikuwa na jaribio la namna nyingine, nalo lastahili kutajwa. Katika miaka ya 1980, hapo hapo Kibaha, kituo kilicho chini ya Jeshi la Wananchi kiliazimia kuunda lori lililobuniwa na Watanzania wenyewe kwa ajili ya njia zetu. Lori hilo likapewa jina la Nyumbu. Waswidi walichagua mnyama ambaye hakupata kuwako. Sisi tulichagua anayetembea Serengeti kwa makundi. Malori ya Nyumbu yaliyoundwa yalikuwa machache, ya majaribio, nayo hayakuingia sokoni kwa wingi, ila kituo kiliendelea na kazi nyingine za ufundi. Na katika miaka ya 2020 Kibaha imesikia tena kelele za kuunganisha malori, safari hii ya Kichina. Makasha yamerudi.

Baada ya kuyakusanya hayo, tulimchukua mwanafunzi yule aliyetuuliza, tukaenda naye siku ya Jumamosi katika gereji moja ya mtaani kwao Tandika. Mwenye gereji ni mzee ambaye ujanani alijifunza kazi katika kiwanda cha kuunganisha magari. Palikuwa na kichwa cha lori kimeinamishwa kabini yake mbele, injini wazi, na vijana watatu wameingia humo mpaka viunoni.

"Mzee shikamoo," akasema mwanafunzi. "Kwa nini watu husema mia na kumi na tatu, wengine mia na ishirini na nne? Ni namba za nini?"

"Marahaba. Umeuliza vizuri mwanangu," akasema mzee, akafuta mikono. "Hizo si namba tu, hilo ni jina. Mia na kumi na tatu, toa ile tatu ya mwisho. Yabaki kumi na moja. Hiyo ni lita za injini. Ile tatu ni toleo la tatu. Sasa niambie wewe, mia na ishirini na nne?"

"Lita kumi na mbili, toleo la nne."

"Na tisini na tatu?"

"Lita tisa, toleo la tatu."

"Basi, unajua kusoma Scania."

Kisha akatueleza jambo ambalo vitabu hulisema kwa maneno marefu. Waswidi, tangu injini yao ya mwaka 1939, na zaidi tangu matoleo ya mwaka 1980, waliazimia kwamba malori ya aina mbalimbali yaundwe kwa vipande vinavyofanana, ili kipande cha lori hili kiingie katika lile. Walifanya hivyo kwa faida yao. Lakini faida hiyo ilimfikia fundi wa Tandika pasipo wao kukusudia: lori lililokufa hulisha matatu yaliyo hai. Hakuna spea inayotupwa. Hiyo ndiyo sababu, alisema mzee, lori lililokwisha kuzeeka Ulaya huja kuishi hapa maisha ya pili, na mara nyingine ya tatu.

Tukamwuliza ni vitu gani vya lori awezavyo kuviunda mwenyewe, si kuvitengeneza tu. Akavihesabu kwa vidole: bushi, pini za springi, vishikio vya bomba la moshi, bodi, tangi la mafuta. Vijana wake waweza kukereza kipande kwa kufuata kilichovunjika, mradi wakione. Na tela? Akacheka. Tela nzima huundwa Dar es Salaam hii hii. Kiwanda cha Superdoll kando ya Barabara ya Nyerere kinaziunda. Kichwa hutoka ng'ambo, mkia ni wetu.

Neno hilo lilitushtua, kwa sababu ya yale tuliyoyasoma. Tela ni nini, kama si behewa? Ni kitu chenye magurudumu, chenye chasisi imara, cha kuvutwa na kitu kingine. Kampuni ya Vabis mwaka 1891 haikuwa na zaidi ya hicho. Kutoka mkia mpaka kichwa iliwachukua miaka sita, na kutoka kichwa cha kwanza mpaka kichwa kizuri iliwachukua miaka mingi zaidi, kufilisika kukiwa katikati. Sisi tuliianza kazi upande wa pili: Kibaha tulipewa kichwa kwanza, kimekwisha kuundwa, tukifunge. Huenda kosa letu, kama lilikuwa kosa, halikuwa uvivu wala upumbavu wa watu fulani, bali ni kuanzia mahali ambapo wenzetu walimalizia. Hatusemi hili kwa uhakika wa mhandisi. Twasema kama walimu, ambao tumeona mara nyingi mtoto aliyefundishwa kuimba alfabeti nzima asiweze kuandika jina lake.

Kuna jambo moja lililobaki, nalo ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kuzungumza nanyi. Wale vijana watatu hawana cheti. Mmoja aliishia darasa la saba. Chuo cha VETA Chang'ombe kipo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka pale, na VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini, na akifaulu apewe cheti kama mwenzake aliyekaa darasani. Utaratibu huo ni mwema, nasi tulimwambia mzee, kwa bidii ya walimu. Alitusikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba siku ya kupimwa ni siku isiyo na mshahara, na kwamba vijana huogopa karatasi kuliko wanavyoogopa jeki kuteleza. Tulipomwuliza kama ataturuhusu tuje jioni mbili kwa juma kuwafundisha kusoma michoro na kuandika majibu, alimtazama mwanafunzi wetu, si sisi.

"Aje huyu," akasema. "Lakini aje na nguo za kazi. Atafundisha akiwa amechafuka."

Kwa hiyo kazi imeanza. Hatuwezi kusema itafika wapi. Kijana wa darasa la saba amekwisha kuchora, kwa rula na kalamu ya risasi, ile bushi ambayo alikuwa akiikereza kwa macho tu kwa miaka minne. Na alipoandika vipimo pembeni akagundua mwenyewe kwamba alikuwa akiikosea kwa sehemu ndogo ya milimita, ndiyo maana zilikuwa zikirudi. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaifuta akaichora tena.

Siku ile ya kwanza tuliondoka saa moja ya usiku. Kabini ilikuwa imerudishwa mahali pake, na dereva, mwenye safari ya Tunduma alfajiri, amesimama na funguo mkononi. Lori likawashwa. Kila mtu pale akafurahi, nasi tukiwamo, maana kwa masikio yetu lilinguruma vema kabisa. Mzee peke yake hakufurahi. Aliinamisha kichwa, akainua kidole kimoja ili tunyamaze, akasikiliza kwa muda wa pumzi tatu au nne.

"Zima," akamwambia dereva. "Kuna kitu kinagonga."